Kibonge Asiyekubali Kuchanika

Jumatatu, 4 Machi

Watu maarufu huandika shajara, kwa hiyo naanza leo ili umaarufu ukifika unikute nimekaa tayari. Kuna filamu inakuja kiwandani kwetu, na ndani ya filamu hiyo nimo. Sijaambiwa bado kwamba nimo, lakini nina macho.

Kwa wale watakaoisoma hii nikishafariki, maelezo kidogo. Kiwanda chetu kinashona wanyama wa kuchezea, na mfalme wao ni Kibonge: kiboko wa kitambaa cha kijivu, tumbo kama mto wa kulalia, macho vifungo vyeusi, tabasamu la mtu aliyeshiba kwa watu. Mimi ndiye ninayemjaza pamba na kumfunga mgongo. Kila Kibonge unayemwona kitandani kwa mtoto, lile tumbo ni langu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha. Tunabishana mpaka leo.

Asubuhi meneja katukusanya ukumbi wa chakula akatuambia watoto wa siku hizi hawamtaki kiboko asiyewaka taa. Halafu akatoa dawa. Kampuni moja ya wanasesere imetengeneza filamu ya mwanasesere wao, ndefu, ya kwenye majumba ya sinema, na wanasesere wakaisha madukani kama barafu juani. Wenye kiwanda chetu wameingiwa na wivu. Kibonge naye atakuwa nyota.

"Ikifaulu tutaongeza vyerehani," akasema. "Isipofaulu tutapunguza vitu vinavyotuchelewesha."

Akaitazama meza ya ukaguzi. Kila mtu akaitazama meza ya ukaguzi. Isipokuwa mwenye meza, ambaye alikuwa anakwangua doa la chai kwenye kiti cha jirani.

Mwenye meza ni mama mdogo wangu, mdogo wa mama yangu mzazi, aliyenilea tangu sijui kupenga kamasi. Kiwandani wanamwita Darubini. Sheria ya pale, iliyozaliwa kabla ya meneja, ni kwamba hakuna kinachovuka mlango wa nje bila kupita mezani kwake. Anamgeuza Kibonge, anavuta masikio, anavuta mikono, anabinya macho. Akiridhika anapiga mhuri. Asiporidhika, kikapuni, na kikapu hicho wenzangu wamekipa jina langu.

Nyumbani nikamwambia, "Mama mdogo, umeona meneja alivyoiangalia meza yako?"

"Meza haiungui kwa kuangaliwa. Wewe ndiye uangalie migongo yako. Unashona kama mtu anayefukuzwa na mbwa."

Jumatano, 6 Machi

Watu wa filamu wamefika. Mkubwa wao ni mwongozaji, dada mwembamba mwenye kofia na sauti kubwa kuliko mwili. Akisema "Kata!" hata wakata vitambaa wa kwetu wanasimamisha mikasi. Nimembatiza Kata. Jina limeenea kabla ya saa ya chakula. Mimi hata kwenye kubatiza nina kipaji.

Ijumaa, 8 Machi

NIMEPATA KAZI YA FILAMU. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ndani ya filamu Kibonge anapotezwa na mtoto wake, anazurura mjini peke yake, na mwisho anaonekana kwenye mtaro wa maji machafu, mvua inamnyeshea. Mtoto mwingine anamvuta atoke, na mkono unang'oka. Watu sinemani walie hapo. Kwa hiyo wanataka akina Kibonge dazeni moja waliochakaa: jicho moja, masikio yaliyotafunwa, tope la siku nyingi. Na wamekuja na mtu ambaye kazi yake duniani ni kuchakaza vitu. Analipwa! Tunamwita Fundi Uchafu. Alizunguka kiwanda kizima akitafuta msaidizi, akachungulia kikapu kile chenye jina langu, akasema, "Aliyeshona hivi namtaka."

Miaka yote natukanwa, kumbe nilikuwa kiwanda kisicho changu.

Meneja akatuita sisi wachache ofisini akatuapisha: kisa cha filamu ni siri, asijue mke, asijue mama, wapinzani wasije wakaiba. Mama mdogo hakuitwa. "Ukaguzi hauhusiki," meneja akasema.

Nyumbani nikavimba. "Nina kazi ya siri, mama mdogo. Usiniulize."

"Sijakuuliza."

"Hata ukiniuliza siwezi kusema."

"Wewe? Wewe uliyemtangazia mtaa mzima kwamba nakoroma? Haya. Tutaona hiyo siri itakaa tumboni mwako mpaka lini."

Nikaapa itakaa mpaka kaburini. Ili nimkomeshe tu.

Jumanne, 12 Machi

Tunachafua. Chai nzito, majivu, mafuta ya baiskeli, msasa. Fundi Uchafu anasema uchafu una tabaka kama keki. Mikono yangu inanuka kama gereji na simwambii mtu kwa nini.

Alhamisi, 14 Machi

Kata hataki mvua ya mpira wa bustani. Anasema inaanguka kama mtu anayemwagilia mboga. Anataka mvua yenyewe. Mvua yenyewe haina habari naye.

Ijumaa, 15 Machi

Hakuna mvua. Kata katazama juu siku nzima. Shingo itamganda.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna mvua. Mama mdogo kaniuliza mara moja tu, kwa upole: "Hiyo kazi yako, mwanangu, si ya wizi?" Nikamwambia ni siri. Akanirudishia sahani yangu, akasema niioshe upya.

Jumatano, 20 Machi

Tumemaliza. Dazeni nzima, kila mmoja ana masaibu yake. Mmoja nimemwondoa jicho kwa meno. Fundi Uchafu akanishika bega akasema kwenye kuharibu sijawahi kukosea hata mara moja. Kesho alfajiri anaondoka, ana filamu ya vita mbali huko, magari ishirini ya kuunguza.

Jioni wingu zito. Kata anapiga kelele za furaha: kesho asubuhi tunapiga picha, kichochoro cha nyuma ya kiwanda. Akaniambia niweke kreti la akina Kibonge karibu na mlango wa nje lichukuliwe mapema. Nikaliweka. Nikaenda kupiga picha na lori la kamera.

Mama mdogo kachelewa kurudi. Amefika amechoka ila uso unang'aa, vidole vimekunjamana kwa maji. Nilimwuliza alikuwa wapi. "Na mimi nina siri," akasema, akacheka, akalala.

Alhamisi, 21 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwenye mvua, kwa sababu ilikuja. Ilikuja kama imeitwa kwa jina. Mtaro ukafurika, kamera zikavalishwa mifuko, mtoto mwigizaji kasimama na viatu vyake vikubwa, Kata anarukaruka kama kaambiwa ameolewa. "Kijana, lete Kibonge!"

Nikafungua kreti.

Walikuwa wananiangalia. Wote dazeni, kwa macho mawili mawili. Wanang'aa kwa sabuni, masikio mapya, migongo imeshonwa upya kwa uzi wa mara mbili, wamekaushwa kwa pasi, na kila mmoja chini ya mguu ana mhuri. Hata yule niliyemng'oa jicho kwa meno alikuwa na jicho. Wananukia maua.

Nikafunga kreti. Nikafungua tena. Wapi!

Kata akaja, akatazama, hakupiga kelele. Ndipo nikaogopa. Akauliza polepole, "Nani?"

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli, pamoja na wenzake waliotoka kutazama. Akapiga hatua mbele kama mtu anayeitwa kupokea zawadi.

"Mimi, dada. Niliwakuta mlangoni jana wakiwa katika hali ambayo siwezi hata kuisimulia. Nikajua dukani wamewarudisha, na leo wageni mnawachukua mkawaonyeshe watu. Nikasema hapana, si kiwanda hiki. Hata ile harufu nimeitoa."

Kata akaketi juu ya kreti.

Meneja ndiye aliyemweleza, mbele ya watu wote, na alimweleza kwa raha: kazi ya wiki mbili, fundi ameshaondoka, kamera ni za kukodi na mvua zikiisha zinarudi kwao. Kisha akasema, "Nilisema tangu mwanzo, meza ile inatuchelewesha. Nenda nyumbani, mama. Mvua zikiisha tutajua kama kuna filamu, na kama kuna wewe." Akawaamuru vijana wawili waibebe meza waipeleke stoo.

Mama mdogo akanitazama. Akavua aproni, akaikunja, akaikunjua maana kona hazikulingana, akaikunja tena. Akaondoka.

Nilimfuata mpaka kwenye geti. "Mama mdogo, nilitaka kukuambia, lakini…"

"Lakini ilikuwa siri," akasema. "Umeniweza, mwanangu. Mara moja katika maisha yako umefunga mdomo, na ndiyo hiyo."

Ijumaa, 22 Machi

Mama mdogo kashona upya mapazia. Kisha soksi zangu. Kisha kitambaa cha kufutia vyombo. Hasemi kitu. Mimi ambaye huwa nalalamika akisema, leo ningelipa asikie kiu ya kunitukana.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepata akili kubwa. Kwani nani anayemchakaza Kibonge duniani? Watoto. Bure! Nimemwomba Kata wale dazeni, nikawagawia watoto wa mtaani kwetu: "Chezeni nao mnavyotaka. Vuteni, tafuneni, buruzeni. Nitawachukua Ijumaa." Kata akasema kijana una kichwa. Nikamjibu najua.

Nimemwambia mama mdogo mpango mzima, hata vipande visivyohusu. Sina siri tena maisha yangu yote.

Ijumaa, 29 Machi

Nimewakusanya.

Nyumba ya kwanza, mama wa mtoto akapanda kiti, akamshusha Kibonge kutoka juu ya kabati. Yumo kwenye mfuko wa nailoni, mafundo mawili. "Mtoto analia anamtaka, nikamwambia kitu kipya si cha kuchezea. Atamchafua bure."

Nyumba ya pili, juu ya kabati. Nyumba ya tatu, juu ya televisheni, kavalishwa kitambaa cha kufuma. Nyumba ya nne alikuwa ndani ya kabati, kufuli, na baba ameondoka na ufunguo. Mtoto mmoja tu ndiye aliyelala na wa kwake, na huyo alimwosha uso kila asubuhi kwa kumwonea huruma.

Nimewarudisha wasafi kuliko nilivyowatoa. Mama mdogo akawapanga kwenye meza ya chakula, akawakagua mmoja mmoja kwa mazoea, akaguna. Ilikuwa sauti yake ya kwanza wiki nzima. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatingishika. "Kufuli!" akasema. "Kiboko kafungiwa kufuli!"

Nimepumua kidogo.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua ya kijinga, inanyesha usiku kamera zimelala.

Alhamisi, 4 Aprili

Kamera zinarudi kwa wenyewe wiki ijayo. Meneja anapita pale meza ilipokuwa, anapima kwa mikono. Anataka kuweka mashine ya soda.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo kalamu itaisha wino, na iishe.

Baada ya chakula cha mchana mbingu zikafunguka. Kata akasema basi, hakuna kusubiri mchakavu. Tutamtupa msafi mtaroni, mvua na tope zimchakaze mbele ya kamera, na mtoto amvute mkono ung'oke. "Kitambaa ni kitambaa," akasema. "Kitachanika tu."

Hamjui mama mdogo wangu, huyu.

Kibonge wa kwanza akatupwa. Tope likamshika vizuri, hapo sina lawama. Mtoto mwigizaji akaja, akaushika mkono, akavuta. Mkono upo. Akavuta kwa mikono miwili. Upo. Akaweka mguu kwenye ukingo wa mtaro, akavuta mpaka akakaa chini kwenye maji. Kibonge anatabasamu tu.

"Kata! Mwingine!"

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akavutwa na mpiga kamera, jitu la kifua. Kikachanika kitambaa cha shati lake mwenyewe. Wa nne wakamkata mkono robo kwa wembe. Kwenye kioo cha kamera ikaonekana kama kafanyiwa upasuaji. Kata akashika kofia yake kwa mikono miwili. "Huyu mnyama ameshonwa na nini? Na laana?"

"Na mama mdogo wangu," nikasema, na sikujizuia kujivuna.

Nikachukua sindano. Nikafumua bega la wa tano nikashona kwa mtindo wangu maarufu. Kabla mtoto hajamfikia, mkono ukaanguka wenyewe, ukaelea na mtaro ukaenda zake. Wa sita, hivyo hivyo. Kata akasema kwa sauti ndogo, "Mmoja hang'oki, mwingine hangoji. Katikati yenu hakuna mtu?"

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nyumbani si mbali, ila tope lilinivua kiatu na sikurudi kukichukua.

Mama mdogo alikuwa anashona kifuniko cha redio.

"Njoo uwaharibie Kibonge."

"Nini?"

"Wanataka ang'oke mkono. Wako hawang'oki. Wangu hawasubiri. Tafadhali."

Akaweka sindano chini. "Mwanangu, mikono hii haijawahi kuharibu kitu. Hata kuku siwezi kumchinja, nawaita majirani. Unataka nikaharibu mbele ya meneja?"

"Meneja anapima mahali pa meza yako aweke mashine ya soda."

Akanigeukia. Kisha akasema, "Ya soda?"

"Ya soda."

Akachukua mwavuli.

Tulishona tukiwa tumekaa nyuma ya lori, turubai likipigwa na mvua hata tukawa tunapigiana kelele. Alimshika wa saba mapajani kama anamnyonyesha. Akaanza, mishono midogo, sawasawa kama mchwa kwenye mstari. Nikamwambia, "Hapana, mama mdogo. Legeza. Fikiria umechelewa. Fikiria kuna mpira kwenye televisheni."

"Hivi?"

"Bado ni mzuri huo."

"Hivi?"

"Umerudi nyuma kuukaza! Nimekuona!"

"Mkono unarudi wenyewe," akasema, na kweli macho yalikuwa yamemjaa maji. "Siwezi. Shona wewe."

Nikashona mitatu, ya hovyo kabisa, kazi yangu ya kawaida. Akaitazama, akatingisha kichwa, akaninyang'anya sindano akapiga mmoja wa kwake. "Huu utamshikilia mpaka avutwe. Endelea." Mitatu yangu, mmoja wake. Mitatu, mmoja. Tulizunguka bega zima hivyo, tukigombana.

Kata akachungulia. "Mvua inapungua!"

"Subiri, dada," mama mdogo akasema bila kuinua kichwa. "Hakuna kitu kinachotoka hapa kabla sijavuta." Akavuta kidogo. Akaridhika. "Mchukueni."

Kibonge akatupwa mtaroni. Tope, majani, maji ya povu. Mtoto akaja, akaushika mkono, akavuta. Ukakataa. Akavuta tena. Hapo bega likaanza kufunguka, si kwa mpigo, mshono baada ya mshono: mitatu inaachia haraka, mmoja unang'ang'ania, mitatu, mmoja, kama mtu anayeomba asiachwe. Pamba ikatoka ikalowa. Mkono ukabaki kwenye kiganja cha mtoto, na mtoto, ambaye hakuwa ameambiwa afanye hivyo, akajaribu kuurudisha.

Kata hakusema kata. Mpiga kamera akamgeukia, akamwona anafuta pua kwa kofia. Mvua ikaisha yenyewe, ndipo akakumbuka.

Mama mdogo alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. "Maskini," akasema. "Maskini, mwanangu." Sijui alimaanisha Kibonge au mimi, sikuuliza.

Kata akamkumbatia, tope lote. Akamwambia kuna matukio matatu yamebaki na hapigi hata moja bila yeye. Meneja akasema ukaguzi hauhusiki. Kata akamjibu kwamba basi na filamu haihusiki.

Ijumaa, 12 Aprili

Kamera zimeondoka. Filamu imekamilika. Nimelala mpaka saa nne asubuhi, na hakuna aliyeniamsha, maana mama mdogo naye alikuwa amelala. Anakoroma kama zamani. Mtaa mzima naweza kuwatangazia.

Ijumaa, 19 Aprili

Jua limetoka, nguo za kila mtu ziko nje. Kata katutumia kipande cha mtaroni tukione kabla ya dunia. Meneja akapachika shuka kwenye ukuta wa ukumbi wa chakula, na wakubwa wawili wa kampuni wakaja na viatu vinavyong'aa.

Giza. Mvua kwenye shuka. Kibonge mtaroni. Nilijua kitakachotokea, nimekishona mwenyewe, na bado bega lilipoanza kuachia nikasahau kupumua. Mtu nyuma yangu alipiga kelele, "Jamani!" Mashangazi wa chumba cha kukata walikuwa wanavuta kamasi waziwazi. Taa zilipowashwa wakubwa wakapiga makofi mpaka meneja naye akalazimika.

Ndipo mpakiaji mmoja, mzee wa utani, akaita kutoka nyuma: "Darubini! Yule mchakavu alipitaje mezani kwako?"

Ukumbi ukacheka. Wakubwa wakageuka kumtazama. Mama mdogo akasimama polepole, akajinyoosha gauni, akamtazama meneja usoni.

"Alipita siku mliyoipeleka meza stoo."

Walicheka, safari hii na wakubwa. Mmoja wao akamwinamia meneja akamwuliza kitu sikioni, na nikamwona meneja anatingisha kichwa kwa haraka, ndiyo bosi, leo leo bosi. Kabla ya chai vijana wawili walikuwa wameibeba meza mlangoni, mama mdogo akiwaelekeza: kushoto kidogo, kulia, shusheni taratibu, sasa nileteeni kitambaa, mmeijaza vumbi.